Wazee wetu walikufa kwa nini? Saratani ya tezi dume na kinachoandikwa kwenye cheti cha kifo

Baada ya kipindi chetu cha afya kuhusu saratani ya tezi dume, msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe mfupi wa simu. Aliandika hivi: "Babu zetu walilima mpaka uzeeni na hatukuwahi kusikia habari za tezi dume. Siku hizi kila msiba wa mzee unaambiwa ni tezi dume. Huu ugonjwa umetoka wapi?" Wengine waliuliza jambo hilohilo kwa njia nyingine. Wapo waliolaumu mbolea za viwandani, wapo waliolaumu mafuta ya kupikia, na mmoja alilaumu kukaa muda mrefu kwenye pikipiki.

Tumeamua kujibu kwa maandishi, kwa sababu jibu lake haliingii katika dakika tano za studio, na kwa sababu sehemu ya jibu hilo inatuhusu hata sisi watu wa redio.

Kwa kifupi ni hivi. Kwamba ugonjwa huu unaonekana zaidi kuliko zamani, ni kweli. Kwamba zamani haukuwepo, hilo hakuna anayeweza kulithibitisha, kwa maana wazee wale walizikwa bila mtu yeyote kuandika waliugua nini. Kati ya mambo hayo mawili kuna karatasi moja, nayo ni cheti cha kifo.

Kiungo kimegeuka kuwa jina la ugonjwa

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Tezi dume ni kiungo. Kila mwanamume anayo tangu kuzaliwa. Iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kazi yake ni kutengeneza majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kusema "mzee ana tezi dume" ni sawa na kusema "mzee ana ini". Lakini ndivyo tunavyosema, vijijini na mijini, na hata sisi hewani tumeshateleza mara nyingi.

Nyuma ya maneno hayo mna maradhi mawili yaliyo tofauti kabisa. La kwanza ni kuvimba kwa tezi kunakokuja na umri. Hii si saratani wala haisambai mwilini, ingawa inaweza kuziba mkojo hadi mzee akawekewa mpira. La pili ni saratani yenyewe. Dalili za mkojo zinafanana: kuamka usiku mara nyingi, mkojo kutoka kidogokidogo, kusukuma kwa nguvu, kuhisi kibofu hakijaisha. Kwa macho tu hakuna anayeweza kutofautisha, awe mke, mtoto au mganga. Panahitajika kipimo cha daktari kwa kidole, kipimo cha damu kiitwacho PSA, na mwisho kinyama kidogo kutoka kwenye tezi kikaangaliwe maabara.

Tena saratani hii ina ujanja wake. Mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Ikishakomaa hupenda kuhamia kwenye mifupa, hasa uti wa mgongo na nyonga. Mzee analalamika mgongo, anakandwa kwa maji ya moto, anapewa dawa za maumivu kutoka duka la dawa. Baada ya miezi miguu inakosa nguvu. Akifa, waombolezaji wanasema ni mgongo uliomuua, au figo, au alizeeka tu, au kuna mtu alimtupia kitu. Kila mmoja wao anasimulia alichokiona, na hakuna kati yao aliyeiona saratani.

Kufa nayo, au kuuawa nayo

Kuna tofauti nyingine inayowasumbua hata madaktari bingwa. Mwanamume anaweza kuwa na saratani ya tezi dume kwa miaka mingi, kisha akafa kwa kitu kingine kabisa. Watafiti waliochunguza miili ya wanaume waliokufa kwa ajali au maradhi mengine wamekuta kwamba kati ya waliopita miaka 70, theluthi moja au zaidi walikuwa na vidonda vidogo vya saratani kwenye tezi hiyo, na wengi wao hawakuwahi kujua.

Watu wawili maarufu wa Afrika Kusini wanatusaidia kuelewa. Nelson Mandela alifanyiwa upasuaji wa tezi dume mwaka 1985 akiwa bado mfungwa. Wakati huo ilikuwa kuvimba kwa kawaida. Mwaka 2001 alikutwa na saratani na akatibiwa kwa mionzi. Alifariki tarehe 5 Desemba 2013 akiwa na umri wa miaka 95, na taarifa zilizotolewa zilieleza maradhi ya mapafu yaliyomsumbua kwa muda mrefu. Askofu Mkuu Desmond Tutu alikutwa na saratani ya tezi dume mwaka 1997. Aliishi nayo karibu miaka 24, ikienda na kurudi, hadi alipofariki tarehe 26 Desemba 2021 akiwa na miaka 90, na waliokuwa karibu naye wakasema ni saratani.

Wote wawili walikuwa na ugonjwa huu, na wote wawili walikufa wakiwa wazee sana. Lakini kwenye hesabu ya vifo vya saratani ya tezi dume, mmoja anaingia na mwingine haingii. Aliyejaza karatasi alipaswa kupima: kama si saratani hii, je, mtu huyu angekufa sasa hivi? Kwa Mandela na Tutu walikuwepo madaktari waliowafuatilia miaka mingi, wenye mafaili na vipimo. Kwa mzee aliyefia nyumbani, kilomita 40 kutoka hospitali ya wilaya, swali hilo anaulizwa nani?

Mistari minne ya fomu

Shirika la Afya Duniani limeweka fomu moja inayotumika karibu kila nchi. Daktari huandika chanzo cha kifo kwa ngazi. Mstari wa kwanza ni hali iliyomaliza uhai moja kwa moja. Mstari wa pili ni kilicholeta hali hiyo. Wa tatu ni kilicholeta cha pili, na kuendelea hadi ufike kwenye mzizi. Chini kuna sehemu ya pili, ya maradhi mengine yaliyochangia lakini si mzizi, kama vile kisukari au shinikizo la damu.

Tuchukue mzee aliyezibwa mkojo na saratani mpaka figo zikashindwa. Fomu iliyojazwa vizuri itasema: figo kushindwa kufanya kazi, kwa sababu ya kuziba kwa njia ya mkojo, kwa sababu ya saratani ya tezi dume. Wataalamu wa takwimu wanachukua ule mzizi wa chini na kuupa alama ya kimataifa, ambayo kwa saratani hii ni C61. Kifo hicho kinahesabiwa panapostahili.

Lakini daktari wa zamu usiku, mwenye wagonjwa wengine kumi wanaomsubiri na mwili unaotakiwa kuondoka wodini, anaweza kuandika "figo kushindwa kufanya kazi" akaishia hapo. Au akaandika "moyo kusimama". Hapo hakuandika uongo, maana kila anayekufa moyo wake husimama, awe ameumwa na nyoka au amekufa kwa malaria. Ila kwa anayetaka kujua nchi inapoteza watu kwa nini, maneno hayo hayana faida. Mengine ya aina hiyo ni "saratani" bila kutaja ya wapi, "sumu kwenye damu", na lile tunalolipenda kuliko yote: "uzee".

Tusijione tuko peke yetu. Cheti cha kifo cha Malkia Elizabeth wa Uingereza, aliyefariki Septemba 2022 akiwa na miaka 96, kiliandikwa uzee. Kwa mtu aliyezungukwa na madaktari maisha yake yote, basi tuwasamehe na watendaji wetu wa vijiji. Tofauti ni kwamba kule uzee ni maneno ya wachache sana, na huku kwetu umekuwa kapu la kutupia kila kifo cha mtu mwenye mvi.

Anayefia nyumbani

Tanzania Bara, sheria ya usajili wa vizazi na vifo inataka kila kifo kiandikishwe, na muda uliowekwa ni siku 30. Kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wengi wanaufahamu kwa jina la RITA, na Zanzibar ina wakala wake. Mtu akifia hospitalini, hospitali hutoa karatasi yake. Akifia nyumbani, taarifa inapitia kwa mtendaji. Kenya mfumo unakaribiana na huo: kifo cha hospitalini kinajazwa na mhudumu wa afya kwenye fomu yake, na kifo cha nyumbani kinaandikwa na naibu wa chifu kwenye fomu nyingine.

Sasa tazama kinachotokea. Mtendaji au naibu wa chifu si mtu wa tiba. Anaandika anachoambiwa na wafiwa. Wafiwa wakisema "mgongo", anaandika mgongo. Wakisema "tezi dume", anaandika tezi dume, na huko mbele hakuna atakayejua kama ilikuwa saratani au kuvimba kwa kawaida. Wengine hawasemi kabisa, kwa sababu ugonjwa wa sehemu za siri za baba si habari ya kumweleza mtu wa ofisi, hasa mbele ya wakwe.

Tena hao ni wale waliofika ofisini. Familia nyingi haziendi kabisa. Maiti inazikwa siku hiyohiyo au kesho yake, arobaini inafanyika, maisha yanaendelea. Cheti kinakumbukwa pale kunapotokea mirathi, fedha za benki, kiinua mgongo au ugomvi wa shamba. Kwa maana hiyo, mzee mwenye kiwanja mjini ana nafasi kubwa ya kuingia kwenye hesabu za taifa kuliko mzee mwenye mbuzi watatu. Na hata anapoandikishwa miaka mitano baadaye, chanzo cha kifo kinajazwa kwa kukumbuka tu.

Kuna njia moja iliyobuniwa kuziba pengo hili. Mtu aliyefundishwa huenda nyumbani kwa marehemu wiki au miezi baada ya msiba, akaketi na aliyemuuguza na kumuuliza maswali kwa mpangilio: aliugua muda gani, alikonda, alitoa damu kwenye mkojo, alishindwa kutembea? Majibu yanapitiwa na madaktari au kompyuta ili kukisia chanzo. Tanzania ni moja ya nchi zilizoifanyia njia hii kazi kubwa. Kuanzia mwaka 1992 Wizara ya Afya iliitumia katika mradi uliohusu Hai, Morogoro Vijijini na baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam, na baadaye Taasisi ya Afya Ifakara ikaifanya Rufiji. Kwa ajali, kwa vifo vya kina mama wanaojifungua na kwa kifua kikuu, mahojiano hayo yanafaa sana. Kwa saratani iliyojificha ndani ya mzee wa miaka 75 mwenye presha na maumivu ya mgongo, yanapapasa gizani.

Basi zile takwimu tunazosoma zinatoka wapi?

Msikilizaji makini anaweza kutushika hapo. Kama vifo haviandikwi, mbona redioni tunasema watu kadhaa hufa kila mwaka?

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo Lyon nchini Ufaransa chini ya Shirika la Afya Duniani, hutoa makadirio kwa kila nchi. Kwa mwaka 2022 lilikadiria kwamba duniani wanaume wapatao milioni 1.47 waligundulika na saratani ya tezi dume, na karibu 397,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Katika nchi 118 kati ya 185, hii ndiyo saratani inayogundulika zaidi kwa wanaume. Viwango vya juu vya vifo viko visiwa vya Karibiani na Afrika kusini mwa Sahara.

Neno la kuangalia hapo ni "kadiria". Kwa nchi kama Mauritius, ambayo huandikisha karibu kila kifo, hesabu inatoka kwenye vyeti halisi. Kwa nchi zetu, wataalamu huanza na wagonjwa waliogunduliwa katika miji yenye daftari la saratani, wakachukua uwezekano wa mgonjwa kupona kwa kulinganisha na hali ya uchumi na tiba ya nchi, kisha wakapiga hesabu ya wangapi watakuwa wamekufa. Ni kazi ya watu wenye ujuzi na hawaifichi. Lakini namba inayotoka humo haikutoka makaburini. Tunapokuambia "Tanzania watu kadhaa walikufa", ujue hakuna aliyewahesabu mmoja mmoja. Kuna siku kwenye taarifa ya habari tulisema "vifo" mahali palipoandikwa "wagonjwa wapya". Aliyetusahihisha ni muuguzi mmoja aliyepiga simu akiwa zamu, na tunamshukuru hadi leo.

Daftari lenye historia ndefu katika eneo letu liko Kampala, ambako wagonjwa wa saratani wa jiji hilo na viunga vyake wamekuwa wakiandikwa tangu miaka ya 1950. Uchambuzi wa miaka ya 1991 hadi 2010 ulionyesha saratani ya tezi dume ikipanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 5 kila mwaka. Huo ni mwendo mkali. Ukiendelea hivyo, ndani ya miaka 14 kiwango huongezeka maradufu. Lakini daftari hilo huandika wanaougua. Aliyerudishwa kijijini akafia huko, mara nyingi taarifa yake haifiki.

Ugonjwa umepanda, au macho yamefunguka?

Ongezeko kama la Kampala lina sababu zaidi ya moja, na hakuna kipimo cha kuzitenganisha kwa usafi. Ya kwanza ni umri. Hii ni saratani ya uzeeni. Chini ya miaka 40 ni adimu sana. Mwaka 2000 mtoto aliyezaliwa Tanzania alitarajiwa kuishi kama miaka 50. Sasa ni zaidi ya 60. Wazee wameongezeka, kwa hiyo wanaofikia umri wa kuupata ugonjwa wameongezeka pia. Ndiyo maana wataalamu hawalinganishi idadi tupu. Ukiwa na vijiji viwili, kimoja kimejaa vijana na kingine wazee, kile cha wazee kitazika wengi zaidi hata kama hakuna tofauti yoyote ya maradhi. Huwa wanarekebisha hesabu kana kwamba vijiji vyote vina mchanganyiko mmoja wa umri, ndipo walinganishe.

Ya pili ni vipimo. PSA zamani ilikuwa ya hospitali za rufaa tu. Leo unaikuta hata kwenye maabara binafsi za miji midogo. Anayepimwa hugundulika. Kinachofuata ni ya tatu, nayo ndiyo iliyowatatiza hata Wamarekani.

Marekani kipimo cha PSA kilienea mwishoni mwa miaka ya 1980. Wagonjwa wapya waliruka juu ghafla hadi kilele cha mwaka 1992. Vifo navyo vilipanda kidogo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha vikaanza kushuka, na ndani ya miaka 20 hivi kiwango kilishuka karibu nusu. Wengi walishangilia wakasema ni kazi ya kipimo. Lakini mwaka 1999 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo waliuliza swali la karani: vipi kama sehemu ya kupanda na kushuka huko iko kwenye kalamu? Hoja yao ilikuwa kwamba mwanamume akishaandikwa kwenye faili kuwa ana saratani ya tezi dume, daktari anayejaza cheti hushawishika kuitaja, hata kama aliyemuua ni moyo. Wagonjwa wakigundulika kwa wingi, jina hilo linabandikwa kwenye vifo vingi. Wagonjwa wapya wakipungua, na ubandikaji unapungua. Hawakusema kushuka kote ni kwa makaratasi, na matibabu bora yamesaidia kweli. Walichoonyesha ni kwamba kasoro ndogo ya uandishi inatosha kuchora mlima kwenye mchoro wa takwimu.

Kwa sababu hiyo, utafiti mkubwa wa Ulaya wa kupima maelfu ya wanaume kwa PSA haukuamini vyeti vya kifo peke yake. Iliundwa kamati ya madaktari waliosoma faili la kila marehemu bila kujua kama alikuwa kwenye kundi lililopimwa au lisilopimwa, wakaamua wenyewe chanzo cha kifo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalikuwa kwamba vifo vilipungua kwa karibu asilimia 20 kwa waliopimwa.

Kwetu sisi kasoro inaelekea upande wa pili. Marekani waliogopa kuandika saratani palipo na moyo. Huku tunaandika uzee, mgongo na figo palipo na saratani. Maana yake ni kwamba siku wahudumu wetu watakapofundishwa kujaza fomu vizuri, na watendaji wakapewa maswali ya kuuliza, vifo vya saratani ya tezi dume vitaonekana kupanda sana kwenye makaratasi. Wapo watakaoshtuka na kusema ugonjwa umelipuka. Maoni yetu ni kwamba mchoro ukipanda kwa sababu hiyo, ni habari njema, na tutajitahidi kuitangaza hivyo.

Karatasi hii inamhusu nani?

Inamhusu kwanza kijana aliyebaki. Mwanamume ambaye baba au ndugu yake wa kuzaliwa amepata saratani ya tezi dume ana uwezekano wa takriban mara mbili ya mwingine kuipata. Daktari atamuuliza: baba yako alikufa kwa nini? Kama jibu ni "uzee" au "mgongo", swali linaishia hapo na kijana anarudi nyumbani. Kiswahili chetu nacho kina mtego wake, maana baba mkubwa naye ni baba, na mtoto wa baba mdogo ni kaka. Mweleze daktari ni nani hasa, wa tumbo moja au wa ukoo, na upande wa mama usiusahau.

Inahusu pia hospitali. Dawa za kupunguza homoni, mashine za mionzi, na dawa kali za maumivu kwa mgonjwa ambaye saratani imeingia kwenye mifupa, vyote hupangiwa bajeti kwa kuangalia mahitaji. Mkoa ambao wazee wake wote wamekufa kwa uzee hauna hoja ya kuomba mashine ya mionzi. Mgonjwa wake ataendelea kupanda basi kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, au hospitali nyingine ya mbali, wengi wao wakifika ugonjwa umeshasambaa.

Na inatuhusu sisi. Kila siku tunasoma matangazo ya vifo. Tunataja jina, kijiji, siku ya mazishi, na majina ya ndugu walioko mbali ili habari iwafikie. Kuhusu chanzo tunasoma kilichoandikwa na wafiwa: "baada ya kuugua kwa muda mfupi" au "kwa muda mrefu". Hatukusudii kubadilisha hilo. Msiba ni wa wenyewe, na siri ya mgonjwa haiishi anapozikwa. Lakini tumetambua kwamba kwa miaka mingi tumetangaza vifo vya maelfu ya wazee bila kuwaambia watu mara moja kwamba lile wasilotaka kulitaja hewani wanaweza kulitaja ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Ukifiwa na mzee wa kiume

Yafuatayo tumeyakusanya kutokana na maswali yenu. Tunza kadi, daftari la kliniki na majibu ya maabara ya mgonjwa. Usiyachome pamoja na godoro. Kama alitibiwa hospitali kisha akafia nyumbani, peleka karatasi hizo kwa mtendaji au chifu unapotoa taarifa ya kifo, au rudi nazo kituoni mwombe mhudumu akuandikie ugonjwa aliokuwa nao. Usiseme "tezi dume" ukaishia hapo. Sema kama daktari alitamka saratani, au kama alisema ni kuvimba tu, au kama hakuwahi kupimwa. "Hakupimwa" nalo ni jibu, na ni bora kuliko la kubuni.

Kifo kikitokea hospitalini, una haki ya kuuliza kwa upole kilichoandikwa kwenye karatasi kabla ya kuondoka. Kama mzee alikuwa akitibiwa saratani kwingine na daktari wa zamu hajui, mwambie hapohapo. Baadaye kurekebisha cheti kunawezekana, lakini ni safari za wilayani na nauli.

Kwa walio hai: mwanamume aliyefika miaka 50 azungumze na daktari kuhusu kipimo, na kama baba au ndugu yake wa damu aliugua, mazungumzo hayo yaanze akiwa na miaka 45 au hata 40. Kipimo cha PSA kina faida na kina matatizo yake, kwa kuwa hupanda pia kwa sababu zisizo saratani, kwa hiyo usikubali majibu ya karatasi bila mtu wa kukueleza. Mkojo wenye damu, mkojo uliokataa kutoka, au maumivu ya mgongo yasiyoisha yanayoamsha usiku, hayo si ya kusubiri kipindi chetu kijacho.

Yule msikilizaji aliyeuliza ugonjwa umetoka wapi alituandikia tena baada ya kumpigia simu. Alikwenda kumuuliza shangazi yake mkubwa, aliyemuuguza babu. Akaambiwa kwamba babu, miezi yake ya mwisho, alikuwa hawezi kukojoa na alilia mgongo usiku kucha. Kwenye daftari la ukoo kuna mwaka wa kuzaliwa wa kukadiria, mwaka wa kufa, na neno moja: uzee. Alituuliza kama anaweza kuandika kitu pembeni. Tulimwambia aandike alichoambiwa na shangazi, na jina la shangazi, na tarehe aliyoambiwa.